Siku Paa la Mama Kulwa Lilipotembea

Vijana wangu mnaojifunza ujenzi,

Mwalimu wenu alinifuata nyumbani akaniomba nije darasani niwasimulie kazi yangu. Nikamwambia nitaandika. Msinione nina maringo. Mimi nikisimamishwa mbele ya watu ulimi hukauka, na hiyo ni tangu usichana. Nilipokuwa sekondari nilikuwa naandika kila jioni yale niliyoshindwa kuyasema mchana, na nilipomaliza kidato cha nne nikakataa ualimu kwa sababu moja tu: mwalimu husimama mbele ya watoto arobaini na wote wanamtazama usoni. Juu ya paa hakuna anayekutazama usoni. Wanaona nyayo.

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi wa kuezeka na kuezua, pale Kahama, miaka ya sabini inaanza. Kuezeka mnajua. Kuezua ni kulishusha paa la nyumba moja likakae juu ya nyumba nyingine, na nyakati zile hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa kuliko kujenga. Bati jipya lilikuwa halipatikani. Kwa hiyo mabati yalihama kama ng'ombe wa mahari. Bati moja unalikuta Geita juu ya nyumba ya mgodi wa zamani, mwaka mwingine liko Tinde juu ya duka, halafu linarudi Bugarama kwa wachimbaji. Nililijua bati moja kwa kovu lake, kwenye mapaa matatu tofauti, mpaka nikawa nalisalimia.

Fundi wangu alikuwa mjomba wangu, Mzee Masanja, kaka wa mama. Mtu mfupi, mkali, mwenye kucheka bila kutoa sauti, mabega tu yanaruka. Alinifundisha kwa adhabu za ajabu. Paa langu la kwanza nililaza mabati kuelekea kule yanakotoka mawingu, yaani mdomo wa kila bati ukawa unaikaribisha mvua ndani. Mvua ilipokuja mchana ule, mjomba aliniita, akanipa kigoda, akaniambia, "Kaa hapo chini ya kazi yako."

Nikakaa.

"Inavuja wapi?"

"Hapa, mjomba."

"Na wapi tena?"

"Kila mahali, mjomba."

"Basi kaa mpaka mvua imalize somo."

Tangu siku hiyo, nikifika mji mgeni, kabla sijapanda ngazi namtafuta bibi mmoja mwenye kuanika mihogo, namsalimu shikamoo, namwuliza mvua ya hapa inatokea upande gani. Mwanika mihogo hakosei. Fanyeni hivyo.

Mambo mengine ya mikono nayaandika haraka maana mkononi ndiko yanakoeleweka. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, usipigwe bondeni, maji yanapita bondeni. Bati lenye matundu ya zamani, tafuta kwanza kama matundu yake yanaweza kuangukia papi, zile mbao za kupigilia bati, za paa jipya kabla hujatoboa mengine. Tundu lisilo na kazi lizibe kwa lami na kitambaa. Misumari ilipokuwa shida tulinyoosha ya zamani juu ya jiwe, na chini ya kichwa chake tukaweka kisoda cha chupa na kipande cha mpira wa tairi. Nyumba nyingi za mtaa wetu wa Majengo mlizozikuta zimeshikwa na visoda vya bia. Wanywaji walifanya kazi kubwa ya taifa bila kujua.

Sasa niwaambie jinsi nyumba zilivyokuwa zinauzwa, maana siku hizi mnauliza vyumba vingapi, umeme upo, gari linafika. Sisi tuliuliza nyumba ya bati ngapi. Bei ilikuwa inasomwa juu. Ukuta ulikuwa wa tope na tope ni la Mungu. Wakulima wakishauza pamba, ule mwezi Majengo yote ilikuwa inalia nyundo. Mpangaji mwenye kazi ya ofisi alikataa chumba cha nyasi chenye ubaridi mzuri akaenda kulipa zaidi kwenye chumba cha bati, akae ndani mwezi wa kumi kama muhogo jikoni, mradi wapita njia waone paa lake linametameta. Nilikuwa nawaona wametoka nje na viti vyao, wanajipepea na magazeti, wanasema, "Nyumba hii nzuri sana."

Kisha dhahabu ikaanza kuvuta watu Bugarama na Rwamgasa, na soko likageuka. Mchimbaji aliyepata alikuja Kahama, akanunua nyumba asubuhi, jioni akaja na lori akachukua paa peke yake. Nyumba iliyobaki bila paa hapa kwetu haimalizi masika moja. Inarudi udongo, na mbuga inaanza upya pale palipokuwa na sebule. Mitaa ilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto.

Katika mapengo hayo ndipo alipoishi Mama Kulwa.

Alikuwa mjane mwenye pacha, Kulwa na Doto, watoto wa kike wa shule ya msingi. Alikuwa anapika togwa na kuuza karibu na uwanja wa mpira. Nyumba yake ya vyumba viwili, marehemu mumewe aliiezeka kwa mabati ya kutoka Geita, yale mazito ya zamani. Vyumba vyenyewe: kimoja alilala na watoto, kimoja alikipangisha, na kodi ya kile kimoja ndiyo iliyowavisha pacha sare. Siku moja wakaja watu wa ardhi wakapiga alama nyekundu ukutani. Barabara inapanuliwa. Alipewa kiwanja kingine, upande wa pili wa uwanja wa mpira, kizuri, kwenye kona. Lakini kwa masharti: Jumamosi kamati inapita, na kiwanja kisichokuwa na msingi na paa la bati anapewa anayefuata.

Anayefuata alikuwa Ndugu Charles, mnunuzi wa dhahabu, mwenye suruali pana na kofia ya kuegemea sikio. Yeye kiwanja cha kona alikwisha kukitia jicho kitambo.

Mama Kulwa akaja kwa mjomba Jumatatu. Msingi alikuwa ameujenga kwa mawe, akisaidiwa na watu wa jumuiya yake ya kanisani. Kilichobaki ni paa.

Mjomba akapanda juu ya nyumba, akashika msumari mmoja kwa koleo, akavuta. Msumari ukakatika na bati likachanika kama karatasi ya sukari. Akajaribu wa pili. Ukakatika. Kutu ilikuwa imeila kwa ndani. Akashuka polepole.

"Mama Kulwa," akasema, "nikilifungua paa hili nitakuletea matambara. Na misumari ya kulifunga tena haipo dukani, haipo Shinyanga, haipo popote."

Mama Kulwa hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo halifunguki."

Ndugu Charles alikuwa amesimama barabarani anasikiliza, kama watu wanavyosimama kwenye msiba wa jirani wasiyempenda. "Mama, mimi nayanunua hivyo hivyo yalivyo," akasema. "Na matambara yake. Ukapange chumba Nyihogo, upumzike."

"Nikichoka nitakuita," Mama Kulwa akamjibu.

Mimi nilikuwa bado juu ya ngazi. Ninawaandikia ukweli: wazo lilinijia na nikaliogopa. Nilikulia kijijini, Usukuma kwenyewe, ambako mtu akihama na msonge wake haufumui. Majirani wanaingia chini ya paa la nyasi, wanalinyanyua zima, wanaondoka nalo, na kwa mbali unaona kofia kubwa yenye miguu mingi inapita kwenye mashamba. Nikamsogelea mjomba, nikamwambia sikioni, maana kwa sauti nisingeweza.

Mabega yake yakaanza kuruka.

"Paa la bati, mpwa wangu? Msonge ni duara, ni nyasi, ukiyumba unarudi. Hili lina kenchi za mbao, lina kona, upepo ukiliingia chini linakuwa ndege. Umesikia ndege ya mabati?"

"Twende asubuhi kabla ya upepo," nikasema. "Tufunge magogo ya kubebea chini ya mtambaapanya, na kamba za mshazari ndani, kona hadi kona, ili lisijipinde. Kuta za zamani tuzivunje tukiwa tumeliegemeza paa kwenye nguzo. Watu waingie pale pale kuta zilipokuwa."

Mjomba akatembea kuzunguka nyumba, anagonga mtambaapanya, ile boriti inayolala juu ya ukuta, kwa kisigino cha nyundo, anasikiliza. Mtambaapanya ulikuwa wa mninga, mbao isiyozeeka. Aliporudi hakuwa anacheka tena.

"Watu wa kubeba utawatoa wapi?"

Mama Kulwa akasema, "Watu niachieni mimi. Nyinyi tafuteni kamba."

Ilikuwa kiangazi, mashamba yamelala, na kiangazi kwetu ni wakati wa ngoma. Pembeni mwa mji vilikuwapo vikundi viwili vilivyokuwa havipikiki chungu kimoja. Kimoja mchezo wao ni wa nyoka, mtu anavaa chatu shingoni kama skafu. Kingine ni cha wacheza na nungunungu. Kila msimu walishindana nani atavuta watu wengi uwanjani, na kila mmoja alidai mwenzake ana dawa mbaya. Wote walikunywa togwa ya Mama Kulwa. Akawaendea wote, na kila upande akauambia wenzenu wamekubali.

Siku tatu tulifunga magogo, tukakaza kamba za mshazari, tukasimamisha nguzo, tukabomoa kuta. Ijumaa asubuhi paa lilikuwa limesimama juu ya miti mitupu, na vyombo vya Mama Kulwa viko nje chini ya mkeka. Jua linachungulia. Umande bado. Vijana wakafika, nyoka huku, nungunungu kule, kila kikundi na kiongozi wake, yule tunayemwita nsumba ntale, na kila nsumba ntale na filimbi yake.

Mjomba akaniambia, "Wazo lako, amri yako. Mimi niko kona ya nyuma."

"Mjomba, mimi siwezi kupiga kelele."

"Najua. Ndiyo maana nakwenda kona ya nyuma."

Nikawapanga kwa akili ya shule: kikundi kimoja upande wa kulia, kingine wa kushoto, ili wasigombane. Nikaona nimefanya la maana sana. Nikainua mkono, wakaingia mabega chini ya magogo, wakanyanyua. Paa likapaa juu ya nguzo kama kuku anayeamka kwenye mayai, likakaa mabegani. Waliokuwa wanatazama wakashusha pumzi kwa pamoja. Likaanza kutembea.

Kosa langu lilichukua muda mfupi kujitokeza. Upande wa nyoka wakaanza wimbo wao. Upande wa nungunungu wakaanza wa kwao, wa kasi zaidi. Nyoka wakaongeza mwendo ili wasiachwe. Nungunungu wakaongeza zaidi. Na wote wako chini ya paa, hawaoni mbele, wanaona kisogo cha mwenzao tu. Tulipofika katikati ya uwanja wa mpira paa likaanza kugeuka. Kwanza kidogo. Halafu likazunguka kabisa, mbele ikawa nyuma, kama ng'ombe wanaopura nafaka, na misumari ya zamani ikaanza kulia kwii, kwii. Bati moja pembeni likainua mdomo.

Ndugu Charles alikuwa ameleta kiti chake. "Mama Kulwa," akasema, "paa lako limesahau njia."

Mjomba hakuonekana, alikuwa upande wa pili. Viongozi wawili walikuwa wanapulizia filimbi zao masikioni mwa watu wao. Kama lile gogo la kulia lingekatika, lingewaangukia watu, na paa lingekwisha, na kesho kamati ingekuta mawe matupu.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nimesema mimi sina sauti, na kabla ya pale sikuwa nayo. Nilipanda juu ya pipa la togwa la Mama Kulwa, lililokuwa pembeni mwa uwanja, na nikasema, "Simameni."

Wakasimama. Wote. Hata watazamaji waliokuwa wanatembea wakasimama. Hata mbwa, nadhani.

"Egemezeni miti."

Wakaweka miti ya kuegemeza tuliyotembea nayo, mabega yakapumzika. Sasa watu wote walikuwa wananitazama usoni, kila jicho la Majengo, na ajabu ni kwamba sikufa.

"Tokeni," nikasema. "Mnaingia upya. Nyoka mmoja, nungunungu mmoja, nyoka mmoja, nungunungu mmoja, kulia na kushoto. Mtu asisimame karibu na ndugu yake wa ngoma."

Nsumba ntale wa nungunungu akakunja uso. "Dada, huyu ana chatu nyumbani kwake. Nikae naye bega kwa bega?"

"Chatu amemwacha nyumbani."

"Na tuimbe wimbo wa nani?"

Wa nyoka hawakuwa tayari kuimba wa nungunungu hata kama mbingu zingeanguka, na bila wimbo miguu ya watu wengi haiendi pamoja. Nikamtazama Mama Kulwa.

Yeye akafunga kanga yake kiunoni, akaja mbele ya paa, akaanza wimbo wa pacha. Kama nyinyi si wa huku, niwaeleze. Kwetu wakizaliwa pacha kuna nyimbo zao, na nyimbo hizo zina matusi ya kucheka, ya kuwatania wazazi na wakwe na kila aliye karibu, na mama wa pacha akiimba hakuna anayeruhusiwa kukasirika wala kukataa kuitikia. Kukataa ni mkosi. Ngoma ya nyoka inaitikia, ya nungunungu inaitikia, hata katekista alikuwa pale akawa anaitikia kwa mdomo uliofumbwa. Na wimbo wa pacha una mwendo wa taratibu, kwa sababu lazima upate nafasi ya kucheka.

Ubeti wa kwanza alimtukana marehemu mumewe. Wa pili akamtukana mjomba Masanja na ufupi wake. Wa tatu ulimhusu Ndugu Charles na suruali yake, nao siwezi kuuandika, mwalimu wenu atasoma karatasi hii.

"Nyanyueni," nikasema. "Mguu wa kulia. Twende."

Na paa likaenda. Vijana, ningependa mngeliona. Jua lilikuwa limepanda kiasi cha kuligusa bati na lote likawaka, nyumba nzima isiyo na nyumba inakatiza uwanja wa mpira, chini yake miguu inakanyaga pamoja, na ndani ya paa kicheko kinatoka kama kwenye chungu. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kona. Nikawa natembea kinyumenyume mbele yao, nasema kushoto kidogo, nasema shimo, nasema inua kona ya nyuma, na kila nililosema lilifanyika. Pacha wenyewe, Kulwa na Doto, walikuwa wanakimbia pembeni wakifagia mawe njiani.

Kwenye msingi tulikuwa tumechimbia nguzo fupi za panda, kimo cha bega. Wakaliinua kwa mikono juu ya vichwa, wakaingia nalo, wakalishusha. Kisha tukanyanyua upande mmoja kwa miti mirefu tukaingiza nguzo ndefu, halafu upande wa pili. Mjomba akatoa pima maji yake, akaiweka juu ya mtambaapanya, akaitazama muda mrefu sana. Akaigeuza. Akaitazama tena.

"Liko sawa kuliko lilivyokuwa," akasema, na mabega yakaruka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo nimehamisha mapaa mengi hivyo, mpaka Rwamgasa wamenijua. La kwanza baada ya lile lilikuwa la Ndugu Charles mwenyewe, aliyekuja wiki ile ile, kofia mkononi, akaniita fundi. Nikamwambia nitakuja, lakini atakayesema twende na simama ni mimi. Akasema, "Hilo nimeliona."

Lakini nimalizie Jumamosi.

Kamati ilikuja asubuhi, na afisa ardhi mwenyewe mbele na miwani yake. Ndugu Charles yuko nyuma yao. Paa limesimama juu ya nguzo, chini yake hakuna ukuta hata mmoja, upepo unapita toka huku hadi kule. Lakini Mama Kulwa alikuwa amekwisha kuhamia. Kitanda kiko mahali pa kitanda. Chungu kiko jikoni. Amefagia, amenyunyiza maji.

Afisa ardhi akatazama juu. Akatazama msingi. "Mama, nyumba haina kuta."

"Mlisema msingi na paa, baba. Kuta mtazikuta mkirudi."

Watu wakacheka, na yeye akauma midomo asicheke. Akatikisa kichwa, akawaambia wenzake kiwanja kina mwenyewe, waendelee. Halafu akataka kupita akaone nguzo za ndani, akainua mguu kuvuka msingi pale alipokuwa amesimama.

"Hapo ni ukuta, baba," Mama Kulwa akamwambia. "Mlango uko huku."

Afisa ardhi akarudisha mguu. Akaizunguka nyumba mpaka mbele, akasimama penye jiwe la kizingiti, hapana fremu, hapana komeo, hapana kitu, akavua miwani yake.

"Hodi," akasema.

Mama Kulwa hakuwa na haraka. Akafuta mikono kwenye kanga, akaitengeneza begani, akaja mpaka kizingitini.

"Karibu ndani."